Maendeleo ya mkoa yapimwe kwa kinachobaki

Katika Mkoa wa Morogoro ni mahali pachache panapoonyesha maana ya neno maendeleo, na utata wake, kama Mikese. Kituo hicho cha reli, kilicho karibu kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro, kimeona mengi yakipita. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliifanya Mikese kuwa mahali pa kushushia mizigo, ambayo wapagazi wa Kiafrika waliibeba vichwani kuelekea kusini, upande wa Duthumi na Rufiji. Baadaye ikaja barabara kuu ya lami. Mwezi Juni 2024 zikaanza safari za treni ya umeme katika reli mpya ya kisasa. Vituo vyake vya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Mikese haimo katika orodha hiyo.

Kazi hizo zote ni kubwa, na ni haki zitajwe katika taarifa za maendeleo ya Taifa. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeilaumu reli kwa kuwa haikusimama katika kila kijiji. Lakini mwananchi wa Mikese ana haki ya kuuliza swali ambalo taarifa nyingi hazilijibu: kitu kikubwa kikipita mahali, mahali hapo hubakiwa na nini? Na hicho kilichobaki, kitakuwapo baada ya miaka ishirini?

Hilo ndilo swali la maendeleo ya kudumu, ambayo siku hizi huitwa maendeleo endelevu. Neno hilo lilienea ulimwenguni baada ya mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilipotoa taarifa yake na kuyataka mataifa yakidhi haja za leo pasipo kuwanyang'anya watoto wao uwezo wa kukidhi za kwao. Mkulima wa Uluguru hakuhitaji tume ili alijue jambo hilo. Hata katika mwaka wa njaa, mkulima huyo hutenga mbegu kwanza, kisha ndipo hugawa chakula kilichobaki.

Kulikubali wazo hilo ni rahisi. Kila mpango wa mkoa na kila hotuba ya uzinduzi hulitaja. Kazi ngumu ni kulipima, na hapo ndipo yalipotokea makosa mengi ya miaka sabini na mitano iliyopita. Mara nyingi kosa halikuwa katika kutopima. Mipango ilipimwa kwa bidii kubwa, ila kilichopimwa hakikuwa kile chenye maana.

SOMO LA MATUTA

Milima ya Uluguru yenyewe ina somo la kale juu ya jambo hili. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Shabaha ya mpango haikuwa mbaya. Udongo wa miteremko ulikuwa ukimomonyoka, na mito itokayo huko ilikuwa ikibeba matope. Wataalamu wakaandika dawa: matuta ya ngazi yachimbwe katika miteremko, mashamba yasichomwe moto, na kingo za mito zisilimwe. Kila mlipa kodi akapangiwa urefu wa matuta ya kuchimba, na maofisa wakawa wakizunguka kupima kazi iliyofanyika.

Kwa kipimo hicho mpango ulikuwa ukisonga mbele, maana matuta yaliongezeka kila mwaka. Shambani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo mbichi wa chini, na mazao yakadumaa. Kazi yenyewe ilifanywa kwa amri, tena ilichukua siku ambazo mkulima alizihitaji kwa shamba lake. Zaidi ya hayo, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na hurithiwa kwa upande wa mama. Watu walipoona serikali ikiingia mashambani mwao na kamba ya kupimia, wengi walishuku kwamba mwisho wa safari ni kunyang'anywa ardhi. Mwezi Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakatumia silaha, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mwaka huohuo mpango ukaachwa.

Upande wa magharibi wa milima hiyo, katika Mgeta, wakulima walikuwa tangu zamani na namna yao wenyewe ya kukata ngazi katika mteremko na kufukia majani ili yawe mbolea. Huko mboga zilipata soko hadi Dar es Salaam, na jasho la mchimba tuta lilirudi kwa njia ya fedha. Kwa hiyo tuta lilikuwa na maana kwa mkulima wa Mgeta, nalo halikuwa na maana kwa mkulima wa Matombo. Tofauti hiyo haikuonekana katika madaftari ya serikali, kwa sababu madaftari hayo yalihesabu urefu wa matuta na hayakuhesabu debe za mahindi, wala hayakuuliza mwenye ardhi ni nani.

KIWANDA NA KISIMA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ugonjwa huo uliondoka na wakoloni. Mwaka 1972 Serikali ilipeleka madaraka mikoani, na kila mkoa ukatakiwa uwe na mpango wake wa maendeleo. Nchi wahisani zikagawana mikoa: Ujerumani ya Magharibi ikashika Tanga, Japani ikashika Kilimanjaro, na Finland ikashika Mtwara na Lindi. Mipango minene ikaandikwa, mingine kwa lugha ambayo diwani hakuweza kuisoma. Shule, zahanati, barabara na visima vikajengwa. Lakini mahali pengi magari ya mradi yalipoondoka, kazi iliondoka nayo.

Katika mji wa Morogoro kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Ukikipima kwa uwezo wa mitambo yake, hicho kilikuwa kiwanda kikubwa kwelikweli. Ukikipima kwa viatu vilivyotoka mlangoni, hakikupata kufikia hata asilimia 10 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikafungwa. Jengo lenyewe halikufaa kwa hali ya hewa ya Morogoro, ngozi na vipuri vilikosekana, na soko la Ulaya halikukisubiri. Katika orodha ya miradi iliyokamilika, kiwanda hicho kilistahili alama zote. Mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani ndiye aliyeijua hesabu ya kweli.

Visima vina habari kama hiyo. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwanakijiji maji safi karibu na nyumba yake ifikapo mwaka 1991. Kuanzia mwaka 1978 Uholanzi iliusaidia Mkoa wa Morogoro kuchimba visima vifupi vyenye pampu za mkono. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima, na akina mama wengi walipumzika kutembea mwendo mrefu na ndoo kichwani. Hata hivyo mwaka 1991 ulifika na kupita kabla shabaha ya Taifa haijafikiwa. Baadhi ya sababu ni kwamba visima vipya vilipokuwa vikichimbwa, vya zamani vilikuwa vikifa, na katika hesabu ya vilivyochimbwa vyote viliendelea kuwamo.

Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vituo vya maji vya vijijini nchini. Karibu nusu ya vituo hivyo havikuwa vikifanya kazi. Hata miongoni mwa vile vilivyokuwa na umri wa miaka miwili tu, kimoja kati ya vinne kilikuwa kimekwisha kunyamaza. Tarakimu hizo zilipatikana kwa njia nyepesi mno: watu walikwenda kijijini, wakakitazama kila kituo, wakauliza kama maji yanatoka, nani anakitunza na fedha ya vipuri iko wapi. Kilichokosekana miaka yote ni mtu wa kurudi.

KURUDI KUPIMA

Kurudi ndiyo siri ya kwanza ya kipimo cha maendeleo ya kudumu. Picha moja haimwambii mtu kama mtoto anakua. Lazima apimwe leo, na apimwe tena mwakani, kwa mizani ileile. Mkoa wa Morogoro una bahati katika jambo hili, kwa kuwa una Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, na una watafiti walioitazama milima yake kwa muda mrefu.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi. Milima ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uppsala nchini Sweden, waliyahesabu maporomoko hayo na kuangalia kila moja lilianzia wapi. Karibu yote yalitokea katika mashamba na katika nyasi. Chini ya moja kati ya kila mia lilitokea penye miti. Hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa, nacho kilieleza kazi ya msitu wa Uluguru kuliko maelfu ya mabango ya kuwahimiza watu wapande miti.

Mashariki ya Mikese, kando ya barabara kuu, uko msitu wa hifadhi wa Kitulangalo. Humo wataalamu wa Sokoine wamekuwa wakipima miti ya miombo katika viwanja vilevile kwa miaka mingi, ili waone msitu unakua kwa kasi gani na unakatwa kwa kasi gani. Kwa njia hiyo neno uendelevu hupata mwili. Msitu unaokua kwa shehena kumi kwa mwaka na kukatwa shehena nane una kesho. Unaokatwa kumi na mbili hauna, hata kama leo unaonekana umefunga.

HESABU YA MKAA

Mkaa ni mtihani mkubwa wa vipimo vyetu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walionyesha kwamba eneo ambalo uchomaji wa mkaa ulitawala liliishia kiasi cha kilomita 20 kutoka Dar es Salaam mwaka 1991, na kufikia mwaka 2005 lilikuwa limesogea hadi kilomita 50. Miti ya mbao bora ilikuwa imekwisha katika eneo pana zaidi. Jiji lilikuwa likila msitu kama moto wa nyika, polepole, kuufuata mstari wa barabara. Vijiji vilivyo kandokando ya njia kuu kati ya Dar es Salaam na Morogoro ndivyo vilivyo karibu na mdomo wa moto huo.

Katika hesabu za pato la mkoa, gunia la mkaa linapouzwa huongeza pato. Mti uliokatwa haupunguzwi popote. Mwenye duka akiuza rafu na milango ya duka lake, kisha aandike fedha hizo kuwa faida ya mwaka, watu watamcheka. Mkoa ukifanya hivyo kwa misitu na udongo wake, taarifa husema uchumi umekua. Umoja wa Mataifa uliliona kosa hilo, na mwaka 2012 ukaidhinisha mfumo wa hesabu unaoonyesha mali ya asili inavyopungua au kuongezeka pamoja na uchumi. Mfumo huo unaweza kutumika hata kwa mkoa. Wahenga walikwisha kusema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kinachotakiwa ni mkoa uwe na mtu wa kuchungulia ndani ya buyu na kuandika kilichomo.

Lakini haki itendeke kwa mchomaji mkaa. Yeye hachomi kwa kuupenda moshi. Mvua zikikosekana na mahindi yakikauka, gunia la mkaa ndilo linalonunua unga, daftari la mtoto na dawa. Ardhi anayolima huenda ni ya kuazima, na katika desturi za Uluguru mwenye kuazima shamba hawezi kupanda mti wa kudumu bila ridhaa ya ukoo, kwa kuwa mti ni kama hati ya umiliki. Kumhesabia mtu kama huyo miche aliyoipanda na kumwita mvivu ni kurudia kosa la mwaka 1955. Kipimo cha haki kitauliza pia kama ana ardhi ya uhakika, kama ana njia nyingine ya kupata fedha, na kama mlaji wa Dar es Salaam amepata nishati nyingine kwa bei anayoiweza. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Njia bora ya kuupima si kuhesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa. Waulizwe akina mama kama mtungi huo umejazwa mara ya pili.

MAJI YA RUVU

Jambo lingine ambalo vipimo vya mkoa mmoja mmoja hulificha ni deni la mkoa kwa mkoa. Mto Ruvu huanzia Uluguru, na jiji la Dar es Salaam, lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, hutegemea sana mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa maji yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji lilipewa maji kwa mgao. Mwaka huohuo ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda katika mto huo, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa ni jambo jema, lakini bwawa ni chungu tu. Anayekitia maji ni mlima, na anayeutunza au kuuharibu mlima ni mkulima wa juu.

Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia mpya katika Kibungo Juu. Kwanza ulipimwa wingi wa maji ya mto na matope yaliyomo. Kisha wakulima wakalipwa ili wachimbe matuta, wapande miti na walime kwa namna inayozuia mmomonyoko. Walipaji walikuwa shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni moja ya vinywaji baridi. Hivyo matuta ambayo baba zao waliyapinga Matombo, wajukuu waliyachimba kwa hiari, kwa sababu safari hii mtumiaji wa maji alikubali kwamba kazi ya mkulima ina thamani.

Hata mpango huo mzuri ni lazima upimwe kwa mizani ileile. Utaratibu unaosimama juu ya wanunuzi wawili na mashirika ya nje haujawa wa kudumu. Utakuwa wa kudumu siku sehemu ya kila bili ya maji ya Dar es Salaam itakapopanda mlima kwa mujibu wa sheria, kila mwaka, bila kusubiri mradi. Haifai mkoa wa chini kuhesabiwa kuwa umeendelea kwa sababu unakunywa, na mkoa wa juu kuhesabiwa kuwa nyuma kwa sababu unalinda chemchemi.

DAFTARI LA KIJIJI

Kwa hiyo kifanyike nini? Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa mwaka 2015, ni 17, na ndani yake zimo shabaha 169 na vigezo zaidi ya 200. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaweza kushughulika navyo. Mtendaji wa kijiji hawezi, na hana haja. Tangu mwaka 2002 vijiji vya Tanzania vimekuwa vikitumia mbinu shirikishi ya fursa na vikwazo kwa maendeleo ili kupanga vipaumbele vyao. Mbinu hiyo ni nzuri katika kuuliza watu wanataka nini. Yafaa sasa iongezwe nusu yake ya pili, yaani kuuliza baada ya miaka kadhaa kile walichotaka kimekuwaje.

Kijiji cha Mikese, kwa mfano, kingeweza kuwa na daftari moja lenye maswali machache yasiyobadilika. Mwishoni mwa kiangazi, vituo vingapi vya maji vinatoa maji, na mfuko wa kijiji wa maji una fedha kiasi gani za kuvitengeneza? Shamba lilelile lililopimwa mwaka jana limetoa debe ngapi kwa ekari? Mwenye kutafuta kuni anatembea umbali gani? Ekari ngapi za ardhi ya kijiji zimetoka mikononi mwa wanakijiji mwaka huu, na kwa bei gani? Katika vijana waliomaliza shule, wangapi wana kazi hapahapa? Ushuru uliokusanywa kijijini ni kiasi gani, na kiasi gani kilirudi? Maswali hayo hayahitaji kompyuta. Yanahitaji uaminifu na mtu wa kuyauliza wakati uleule kila mwaka.

Tena kila jibu lilinganishwe na idadi ya watu. Mkoa wa Morogoro ulikuwa na watu 2,218,492 katika sensa ya mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulikuwa na 3,197,104. Hilo ni ongezeko la watu 44 kwa kila 100. Ofisa atakayetamba kwamba visima vimeongezeka kwa moja ya tano katika muda huo atakuwa amesema kweli, na wananchi watakuwa wamepata maji pungufu kuliko zamani.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya gharama. Gharama ya kalamu na daftari haiwezi kushindana na gharama ya pampu iliyokufa. Wapo pia watakaohofu kwamba majibu yatapikwa ili yapendeze wakubwa, na hofu hiyo ni ya kweli. Mpishi hawezi kuachiwa awe mwonjaji peke yake. Dawa yake ni kwamba daftari lisiishie ofisini. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Tarakimu zisomwe hapo, mbele ya akina mama wanaojua kisima kipi kimekauka na wazee wanaojua msitu ulikuwa unaishia wapi. Ni vigumu kudanganya juu ya maji mbele ya mtu aliyetoka kuyateka asubuhi ileile.

Halmashauri ya Wilaya nayo iwe na wajibu wake. Kila mradi unapozinduliwa, itangazwe siku hiyohiyo tarehe ya kurudi kuukagua: baada ya miaka miwili, mitano na kumi. Sehemu ya fedha za mradi itengwe tangu mwanzo kwa ukaguzi huo, na matokeo yabandikwe mahali watu wanapoweza kuyasoma. Diwani au mbunge atakayekata utepe ajue kwamba tarehe ya pili iko mbele yake. Utaratibu kama huo ungebadili hata namna ya kupanga, kwa sababu mtu anayejua kwamba ataulizwa baada ya miaka kumi huuliza mapema vipuri vitatoka wapi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajika ili tuendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwamo katika manne hayo. Mambo hayo manne yanatoa mizani ambayo haijachakaa. Mradi unapokwisha iulizwe kama watu wana ujuzi na afya zaidi, kama ardhi ina rutuba na miti kuliko ilivyokuwa, kama maamuzi yamo mikononi mwa wenyewe, na kama viongozi wanaweza kutoa hesabu mbele yao. Mwezi Julai 2025 Taifa lilizindua Dira ya Maendeleo 2050. Miaka 25 ni muda mrefu wa kutosha kwa mti wa mvule kuanza kuwa mti, na kwa pampu tano kufa katika kisima kimoja. Ikiwa vipimo vya Dira hiyo vitakuwa vya kuhesabu vilivyozinduliwa, mwaka 2050 taarifa itakuwa nene na Uluguru itakuwa na vipara.

Treni zitaendelea kupita Mikese, na ni vema zipite, maana nchi inahitaji mwendo. Wajibu wa viongozi na wananchi wa Morogoro ni kuhakikisha kwamba kila kipitacho kimeandikwa kiliacha nini, kilichukua nini, na nani alipata. Daftari lianze mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, visima vinapokuwa katika hali yake ya kweli.